Mwalimu Klachi na Mashine za Santuri

Waliofundishwa kuendesha gari na Mwalimu Klachi wengi wao wamesahau masomo yote, lakini mguu wake hawajausahau. Gari la shule ya udereva lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na kanyagio la mwalimu ndilo lililokuwa limelika mpira wote likabaki chuma kitupu. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kiti cha abiria, daftari kwenye mkono mmoja na mlango kwenye mkono mwingine. Kila mara mwanafunzi alipoanza kufikiri kwamba leo afadhali, gari lilisimama ghafla, vichwa vikaenda mbele vikarudi, na sauti ya upole kabisa ikasema, "Klachi, ndugu yangu. Klachi." Jina alilopewa na wazazi wake lilifia humo garini.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimstaafisha, unamstaafisha aende wapi? Shule ilimuaga kwa soda na hotuba mbili, ikampa kiti cha kuegemea ili apumzike. Alikitumia siku ya kwanza kwa kupumzika. Siku ya pili alikigeuza kikaelekea jikoni, na tangu hapo kikawa kiti cha abiria.

Bahati mbaya dereva wa jiko hilo alikuwa mkewe. Na mkewe hakuwa mtu wa kufundishwa. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hospitali kubwa ya mji, mwanamke anayeamrisha mashine sita na watu kumi na wanne kuanzia saa moja asubuhi, na wote kumi na wanne walimwogopa kuliko daktari mkuu. Huyo ndiye aliyeambiwa na mumewe, "Mama watoto, kabla hujageuka na sufuria ya moto, tazama nyuma." Huyo ndiye aliyeelekezwa namna ya kufagia: kwanza kona, kisha katikati, bila pupa. Akikata vitunguu, alisikia nyuma yake pu, mguu wa mumewe ukikanyaga sakafu kumpunguzia mwendo wa kisu.

Alivumilia mwaka mzima. Watoto wao watatu hawakuwepo kumsaidia kuvumilia. Walikuwa wameshahama, wa mwisho kwa haraka ambayo baba yake aliwaambia majirani kuwa ni bidii ya kazi. Kisha siku moja wakiwa mezani, mama akaweka kijiko chini.

"Nastaafu baada ya miezi mitatu," akasema.

"Najua. Nimeandika kwenye kalenda."

"Nikistaafu, nitakwenda kwa dada."

"Vizuri sana. Siku ngapi?"

"Sijahesabu."

Mwalimu Klachi akafungua mdomo ili aeleze faida za kuhesabu siku kabla ya safari. Akauona uso wa mkewe, akaufunga.

"Baba watoto," mama akasema, tena bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha, "kazini nina mashine sita zinazopiga kelele. Nikirudi nyumbani, nakukuta wewe. Kwa dada kuna kimya."

Dada huyo alikuwa mjane, mwenye nyumba yenye nafasi na ulimi usio na nafasi ya mashemeji. Siku chache baadaye ilijulikana kwamba chumba chake cha wageni kimepakwa rangi upya, na kwamba rangi ilichaguliwa na mama kwa simu. Mwalimu Klachi si mjinga. Alijua hakuna anayepaka chumba rangi kwa ajili ya mgeni wa wiki mbili. Usiku ule alipiga hesabu ya makosa, kama alivyokuwa akifanya baada ya kila somo, akatafuta kosa liko wapi, na baada ya kutafakari kwa kina akafikia uamuzi kwamba kosa ni uchovu wa mkewe.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kumchukua saluni. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu na vioo vitatu, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi tu. Kitu cha ajabu pale ndani kilikuwa juu ya meza ndefu, mahali ambapo wasusi wengine hupanga mafuta na shampuu. Palikuwa na mashine mbili za kupigia santuri, kisanduku chenye vitufe katikati yao, na chini ya meza makreti yaliyojaa santuri hadi juu. Mjomba wake alikuwa dijei wa kumbi za harusi zamani, alipofariki akamwachia. Msusi alizipiga mchana, kwa wateja ambao vichwa vyao huchukua saa tano. Alikuwa na hoja yake ya kibiashara: mteja aliyezama kwenye muziki hasemi umemvuta nywele.

Mwalimu Klachi alipoingia, mkewe alikuwa chini ya kikaushio, macho amefumba. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Si kidogo. Na chini ya kiti mguu wake mmoja ulikuwa umevua kiatu, unagonga sakafu kwa raha zake.

Yule mzee alisimama mlangoni, akashindwa kuingia wala kutoka. Mara ya mwisho kumwona mkewe akicheza muziki ilikuwa siku ya harusi yao, na siku hiyo, mbele ya ukumbi mzima, alimnong'oneza kwamba ameanza na mguu usio sahihi. Hakulitia maanani tena jambo hilo. Alidhani tu kwamba amemwoa mwanamke asiyependa kucheza. Sasa alikuwa anamwona anacheza akiwa ameketi, kichwa ndani ya kikaushio, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hakuweza kuiandikia kosa lolote.

Mama alifumbua macho, akamwona. Mabega yakatulia. Mguu ukarudi kwenye kiatu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya wateja, Mwalimu Klachi alirudi saluni peke yake.

"Nataka kujifunza," akasema.

"Kusuka?"

"Hizo." Akaonyesha meza kwa kidevu. "Kuna sherehe ya kumuaga mama kazini kwake. Nataka nipige mimi."

Msusi aliweka kitana chini. "Mwalimu, unanikumbuka mimi?"

Hakumkumbuka.

"Nilikuwa mwanafunzi wako. Miezi minane. Mara tatu nilikuomba unipeleke kwenye mtihani, mara tatu ukaniambia neno moja tu. Hujaiva." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja namba ya nyumba. "Nikaacha. Hadi leo natembea kwa miguu. Miguu yangu imekuwa mizuri mno, nakushukuru."

"Usalama barabarani, binti yangu—"

"Kaa, Mwalimu. Hapa hakuna atakayekufa."

Alikuja na daftari jipya na kalamu mbili, akaomba nadharia kwanza. Msusi akamwambia nadharia ni moja. Masikio mawili, kazi mbili: sikio moja linasikiliza wanachosikia watu sasa hivi, jingine, lenye hedifoni, linasikiliza kinachokuja. Mwalimu Klachi akaandika, "Kanuni ya kwanza," akapiga mstari chini yake kwa rula, akangoja ya pili. Ya pili haikuja. Daftari lile lipo mpaka leo, na ukurasa wake wa kwanza ndio pekee ulioandikwa.

Kazi yenyewe ukielezwa ni rahisi hadi inachekesha. Chini kuna sahani nzito inayozunguka bila kuchoka. Juu yake kuna kitambaa laini, na juu ya kitambaa ndipo santuri inapokaa, ili ukiizuia kwa vidole isimame, huku sahani ya chini ikiendelea na safari yake. Wimbo mmoja unasikika ukumbini. Wewe kwenye mashine ya pili unaweka sindano, unatafuta kwa hedifoni mahali mdundo wa kwanza unapoanzia, unairudisha santuri nyuma kidogo, unaishikilia. Wimbo wa kwanza ukifika mahali pake, unaachia. Nyimbo zikiwa na kasi moja, zinakwenda pamoja kama watu wawili wanaotoka kazini, na watu hawajui saa ngapi umeingia mmoja na kutoka mwingine. Zisipokuwa na kasi moja, pembeni ya kila mashine kuna swichi ya kuteleza: ukiisogeza huku wimbo unakazana, ukiisogeza kule unapoa. Basi.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye kuachia. Mwalimu Klachi alishika santuri vizuri, hakuna aliyeshika kama yeye. Alishika kama anazuia gari mlimani. Mdundo wake ulipofika hakuachia, akangoja wa pili awe na uhakika, wa tatu kwa usalama, na alipoachia wimbo ulikuwa umekwisha na wateja wanajitazama kwenye vioo.

"Ulikuwa unangoja nini?" Msusi akauliza.

"Barabara iwe wazi."

"Haiwi wazi, Mwalimu. Unaingia hivyo hivyo."

Alipoanza kuachia, likazuka lingine. Nyimbo mbili zikianza kupishana, kwanza kidogo, kisha tele, kama vyombo vinavyoporomoka kabatini, mguu wake wa kulia uligonga sakafu kwa nguvu zote. Sakafu haikuwa na breki. Mguu ulipokosa breki, mkono ulikwenda kuitafuta badala yake, ukaikuta juu ya santuri iliyokuwa inapiga. Kimya kikashuka saluni nzima. Mama mmoja aliyesukwa nusu kichwa akageuka kwa utulivu, akauliza, "Tumefika?"

Alifanya hivyo mara kumi na moja katika wiki ya pili. Msusi hakumpigia kelele hata mara moja. Alikuwa anasuka, mgongo umegeukia meza, na kila muziki ulipokatika alisema bila kugeuka, kwa sauti ya upole kabisa, "Mkono, ndugu yangu. Mkono." Wateja walianza kuja siku zisizo zao. Mwingine aliomba asukwe nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa, kusudi tu asipitwe.

Huku nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda kimyakimya. Kusikiliza vitu viwili kwa wakati mmoja ni kazi ngumu, na mzee alirudi kila jioni masikio yamechoka kama miguu ya mtu aliyepanda mlima. Kiti kilibaki kimeelekea jikoni, lakini abiria alikuwa kimya. Siku moja mama aliosha vyombo kuanzia mwanzo hadi mwisho, glasi baada ya sufuria, kinyume cha kila alichofundishwa, akageuka kumtazama.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Hujasema lolote kuhusu vyombo."

"Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Vyombo."

Mama alimgusa paji la uso, akakuta halina joto, akaenda kulala na wasiwasi. Habari za santuri alikuwa ameshaambiwa siku ile ile ya kwanza, na jibu lake lilikuwa "Sawa", neno ambalo katika nyumba ile lilikuwa na maana zipatazo nane. Lakini wasiwasi huo haukuzuia kitu. Wiki hiyo hiyo alikata tiketi ya basi la kwenda kwa dada, safari ya Jumapili, siku moja baada ya sherehe, akaichomeka kwenye fremu ya picha ya familia. Mwalimu Klachi aliisoma mbele na nyuma. Ilikuwa ya kwenda tu.

Ndipo alipokaza buti. Alifika saluni kabla haijafunguliwa, akaondoka taa zinazimwa. Alijifunza kuachia. Alijifunza kufunga mdomo, maana ukisema huku unasikiliza, sikio moja linajaa maneno yako mwenyewe, na hilo liligeuka somo gumu kuliko yote. Siku nne kabla ya sherehe aliunganisha nyimbo tano mfululizo, akavua hedifoni, akamgeukia Msusi kwa uso wa mwanafunzi anayejua amefaulu.

"Niko tayari?"

Msusi alimaliza msuko aliokuwa ameushika. "Hujaiva," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee alisimama pale na hedifoni mkononi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameligawa neno hilo kama mtu anayegawa peremende, na hakuwahi kujua kwamba lina uzito, kwamba likikuangukia unatamani kumwonyesha kila mtu kitu kimoja kidogo ulichokiweza. Alitaka kuomba radhi, akashindwa aanzie wapi.

"Mara ya tatu," akasema mwishowe, "nilikukatalia kwa kosa gani?"

"Nilicheka kwenye mzunguko wa barabara."

Akatikisa kichwa. "Hilo si kosa."

"Najua," Msusi akasema. "Jumamosi nitakuja nikae nyuma yako. Ukichemsha, nipo."

Sherehe ilifanyika mchana, kwenye bwalo la wafanyakazi wa hospitali, meza zikiwa zimesukumwa ukutani na maputo yaliyofungwa na mtu asiye na imani na maputo. Mwalimu Klachi alifika saa mbili kabla ya wageni. Alizunguka meza ya mashine mara tatu akikagua kila upande, akainama kutazama chini, akashika kila waya. Msusi alikuja na kreti tupu, akaligeuza, akalikalia nyuma yake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kufikia vitufe. Naye alikuwa na breki yake.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Kuingia wa pili, nyimbo zikagongana kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja, na wauguzi wakatazama juu kuangalia kama spika imeharibika. Wa tatu ukaingia vizuri. Wa nne ukaingia vizuri mno hata mzee akatazama nyuma kuona kama ni yeye. Watu wakaanza kucheza. Yakaja maneno ya kuaga, wakubwa watatu wakasema maneno yale yale kwa kipaza sauti, kisha kipaza sauti kikawekwa kwenye meza ya mashine, kando ya mkono wake wa kulia, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Muziki ukarudi. Na mama, zawadi zikiwa bado mkononi, akamkabidhi mtu zawadi, akaingia katikati ya bwalo.

Alicheza. Mikono juu, macho amefumba, kichwa kimeinama upande mmoja, uso umejaa furaha ambayo mumewe hakuwa ameiona tangu watoto wakiwa wadogo. Wale kumi na wanne wa chumba cha kufulia wakampisha kwa heshima. Na alikuwa nje ya mdundo. Hapa hakuna haja ya kumvisha mtu kilemba cha ukoka: alikuwa nje kabisa. Mdundo ulipotua, mguu wake ulikuwa bado hewani. Ulipotua mguu, mdundo ulikuwa umeshaondoka. Alikuwa nyuma nusu hatua, hapungui wala hazidi, tena kwa uaminifu, kuanzia beti la kwanza.

Miezi mitatu iliyopita mumewe asingelitambua hilo barabara. Angehisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini sasa alikuwa amekaa wiki kumi akinoa masikio kwa kazi moja tu, kugundua vitu viwili visivyokwenda pamoja, na mbele yake kilikuwa kitu hicho hicho, kimevaa gauni jipya. Mwili wake wote ukasisimka. Mguu wa kulia ukagonga sakafu. Pu. Watu wawili watatu walianza kutabasamu wakimtazama mama, tabasamu za upendo, lakini tabasamu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kipaza sauti. Maneno alikuwa nayo mdomoni, mafupi, ya msaada kabisa: mama watoto, ngoja kidogo, anza na wa kushoto. Alikuwa amekwisha kiinua.

Nyuma yake Msusi hakujongea.

Mzee alimtazama mkewe. Macho alikuwa bado amefumba. Akajua, kwa uhakika ambao hakuwahi kuwa nao kuhusu jambo lolote nje ya gari, kwamba akisema neno moja tu macho yale yatafumbuka na hatayaona yamefumba tena, si hapa wala kwingine. Akakirudisha kipaza sauti mezani. Kidole kikaenda kwenye swichi ya kuteleza, kikaanza kuivuta upande wa kupoa.

Taratibu sana. Wimbo ukalegea. Mwimbaji, aliyekuwa na sauti nyororo ya kike, akaanza kuelekea kwenye sauti ya kiume. Vijana wa maabara wakasimama, wakatazamana, wakajaribu tena, wakakosana miguu. Dereva wa gari la wagonjwa akapaza sauti kutoka kwenye meza ya vinywaji, "Dijei, umeme umepungua?" Watu wakacheka.

Msusi akainama sikioni. "Mwalimu, unaburuta."

"Najua."

"Watu wanapotea."

"Mmoja amepata."

Msusi akanyoosha shingo kutazama ukumbini. Ilimchukua muda. Kisha akakaa tena kwenye kreti, akaweka mikono yake mapajani.

Swichi ilikuwa imebakiza kidogo ifike mwisho pale mguu wa mama na mdundo vilipotua pamoja. Mama mwenyewe alihisi. Alifumbua macho, akatazama miguu yake kama mtu aliyekutana na ndugu, akacheka kwa sauti, akaanza kuzunguka. Wimbo ulipokaribia kwisha Mwalimu Klachi alitafuta mwingine, akaupooza kwenye hedifoni mpaka ufanane na miguu ile, akauingiza bila mshono wowote, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Kisha mwingine. Nyimbo tatu nzima alizipiga kwa mwendo wa mtu mmoja, na katika muda huo bwalo lilipungua nusu, wengine wakaenda kwenye chakula, wengine wakakumbuka zamu zao. Kwa kipimo chochote cha kazi ile alikuwa ameharibu. Mkubwa wa utawala aliondoka akisema ndiyo maana wenzao huajiri watu wanaojua.

Jioni mama alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu ameshavivua, akijikanda vidole. Sanduku lilikuwa limefungwa tayari karibu na mlango.

"Wenzangu wanasema muziki ulikuwa mbovu," akasema.

"Niliwasikia."

"Wanasema ulikuwa unaburuta."

"Ulikuwa unaburuta kweli."

"Mimi niliuona uko sawasawa." Aliendelea kukanda vidole, kisha vidole vikapunguza kasi, vikasimama. Mtu aliyeendesha chumba cha watu kumi na wanne si rahisi kumficha kitu kwa muda mrefu. "Baba watoto. Ni mimi niliyekuwa nyuma?"

Hakuna swali ambalo Mwalimu Klachi alikuwa ameandaliwa na maisha yake yote kulijibu kuliko hilo. Alijua ni nusu hatua. Alijua ni tangu beti la kwanza, na kwamba kosa linaanzia kwenye bega, linashuka. Angeweza kumchorea.

"Sikuona," akasema.

"Muongo. Wewe hujawahi kukosa kuona."

Macho ya mama yakajaa machozi, akayafuta kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho la kazi, akageukia ukuta.

"Kesho nakwenda kwa dada," akasema.

"Sawa."

"Tiketi ni ya kwenda tu."

"Niliisoma."

"Kule nako kuna ofisi ya mabasi," mama akasema. "Ya kurudi nitakata kule kule."

Mwalimu Klachi alijua kwamba tiketi ya kwenda na kurudi ukiikata kwa pamoja inapungua bei, na alijua inapungua kwa kiasi gani. Akaenda jikoni kumchemshia maji ya miguu.